Nafasi ya Mwisho ya Ijumaa

Tarehe 30 Juni, Mama Simama anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili katika kliniki yetu ya mifupa. Alikuwa bado na miaka miwili ya kazi. Nitaeleza kwa nini anaondoka mapema, maana nami nimo.

Alianza kama muuguzi wa wodi, kisha akawa mshauri wa lishe na mazoezi. Jina la Simama alipewa na wagonjwa: ukiingia chumbani kwake, hukai. Unashika mgongo wa kiti, unasimama kwa mguu mmoja, huku ukihojiwa jana umekula nini. Fundi cherehani mmoja alikuja na mfuko wa vidonge vya kalsiamu alivyojinunulia, anatamba kweli kweli. Mama akamwambia vidonge ni vya kuisaidia sahani, si vya kuifukuza. Leo fundi huyo anapanda ngazi zetu bila kushika ukuta, ila akiulizwa habari za mboga za majani bado anababaika.

Mimi ni karani wa mapokezi. Kila Januari Mama aliniomba nimwandikie nafasi yake mwenyewe ya kupimwa mifupa, ile ya mwisho siku ya Ijumaa. Alitaka iandikwe kwa penseli, ili akitokea mgonjwa wa mbali tumpishe. Na wa mbali hawakukosekana. Nilifuta, yeye akacheka, akasema mifupa yake imezoea kusubiri. Nami nikacheka. Miaka tisa nilifuta, jamani! Chakula chake cha mchana kilikuwa chai ya rangi, tena amesimama mlangoni, na jua la asubuhi alilowahimiza wengine waliote, yeye aliliona dirishani.

Machi iliyopita aliteleza akishuka kwenye mzani, kimo cha kiganja tu, nyonga ikavunjika. Daktari aliuliza alipimwa lini mara ya mwisho. Daftari lilikuwa mkononi mwangu, nikamwonyesha Ijumaa nilizozifuta.

Mwenyewe anasema hamlaumu mtu. Mimi najilaumu. Laiti siku moja tu ningekuwa mkaidi!

Mama, ahsante kwa magoti na migongo yote uliyoinyoosha, mgongo wangu ukiwemo. Tunakuombea afya, na mapumziko yenye jua la kutosha. Ijumaa ya kwanza ya Julai, saa tisa na nusu alasiri, jina lako limo daftarini, na nimeliandika kwa wino. Uje. Safari hii wewe utakaa, sisi ndio tutasimama.