Historia ya Baba, Aliyepaka Nta Mbao za Mtihani

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 9 Machi 2024, saa mbili na robo, Baba alipotutoka, chumbani tulikuwa sita, Mama ambaye ni mke wake, shemeji yangu mkubwa fundi magari, mume wangu, muuguzi wa zahanati aliyepita kutuona kabla ya kuingia zamu, jirani yetu mshonaji aliyeleta shuka safi, na mimi mkwe wake, na ukimhesabu mwanangu niliyembeba mgongoni tulikuwa saba. Mimi niliishia darasa la saba, mnisamehe nikisoma polepole, lakini Baba mwenyewe ndiye aliyenitajia mambo haya nikiyaandika, akataka niyasome mimi. Iko sehemu moja ambayo shemeji aliomba jana isisomwe, kwa kulinda heshima ya baba yake, na asubuhi hii ameipiga mstari kwenye karatasi niliyoishika.

Baba alizaliwa tarehe 3 Agosti 1952, katika chumba cha nyuma cha karakana ya baba yake, fundi seremala, akiwa mtoto wa nne. Alianza shule ya msingi mwaka 1960, akaimaliza mwaka 1966, na hakuendelea, kwa kuwa baba yake alivunjika mguu na hapakuwa na mtu wa kushika upande wa pili wa msumeno.

Tarehe 14 Januari 1974 aliajiriwa kufagia maabara ya fizikia ya shule ya sekondari iliyo nyuma ya posta, na kwa kuwa alizijua mbao, mwaka 1977 akafanywa msaidizi wa maabara, kazi yake ikiwa kupanga meza, kutengeneza vigari vya majaribio, na kusimama pembeni akiwatazama wanafunzi wakigundua kwamba kigari kikishaanza kwenda hakisimami chenyewe. Hilo alilipenda kuliko yote, na hapa nyumbani tulikuwa tumelikariri, kwamba kitu hakisimami kwa sababu kimechoka, kinasimama kwa sababu kuna kinachokizuia. Mama alikuwa akimjibu, "Basi mimi nazuiwa na vyombo, njoo uvioshe," naye anainuka anaviosha.

Mama, ambaye wakati huo alikuwa akipokea simu hospitalini, alifunga naye ndoa tarehe 6 Desemba 1980, wakajaliwa watoto wawili, shemeji yangu mwaka 1982 na mume wangu mwaka 1991.

Sasa nimefika mwaka 1988, penye mstari.

Mwaka huo Baba alipata nafasi ya kusomea ufundi wa maabara chuoni, aanze Januari, na Mama akamnunulia sanduku. Tarehe 19 Oktoba, siku moja kabla ya mtihani wa vitendo, mwalimu wa fizikia alivuta kipande cha mti juu ya ubao kwa mizani ya springi, akapima msuguano, akaziandika namba zake na kuzifunga kwenye bahasha ya wasahihishaji, ili kazi za wanafunzi zilinganishwe nazo. Jioni, akipanga meza, Baba alipitisha kiganja juu ya mbao akachomwa na kibanzi, akawaonea huruma watoto, akazipiga msasa mbao zote na kuzipaka nta ya mshumaa, hakufikiria zaidi ya vidole vyao. Kesho yake wanafunzi arobaini na watatu walipata namba ambazo ni nusu ya zile za mwalimu, maana ubao laini hauzuii kama ubao wenye vibanzi, na kila aliyepima sawasawa akaonekana amekosea.

Bahasha ilikuwa imeshaondoka. Wenzake walimwambia, "Nyamaza bwana, chuo kinakungoja, nani atajua," naye alikaa siku mbili bila kula vizuri, ya tatu akawaandikia wasimamizi wa mtihani kwamba mbao alizilainisha yeye, watoto hawana kosa. Alisimamishwa kazi miezi minne, nafasi ya chuo akapewa mwingine, wanafunzi wakasahihishiwa upya na thelathini na saba wakafaulu. Aliporudi kazini Machi 1989, msaidizi vilevile, wanafunzi walimwita Msasa, kwa kumcheka, naye akaliitikia jina hilo mpaka alipostaafu tarehe 2 Agosti 2012. Sanduku halikusafiri, liliwekwa nguo za mume wangu alipozaliwa, na mwaka jana Mama akaniwekea humo za mwanangu.

Tarehe 17 Novemba 2023 Baba alipata kiharusi, akapooza upande wa kulia, nami nikamuuguza nikiwa na mtoto wa miezi mitano. Baba alikuwa mtu mrefu, kumgeuza kitandani kulinimaliza, hadi siku moja nilikaa sakafuni nikalia huku ananiona. Akasema, kwa ule ulimi uliokuwa mzito, "Mwanangu, usiongeze nguvu, punguza msuguano," akanielekeza nitandike mfuko mkubwa wa nailoni chini ya shuka, na toka siku hiyo nilimgeuza huku mtoto akiwa mgongoni. Kuchoka nilichoka, na bado nimechoka, lakini sikulia tena kwa ajili hiyo.

Tarehe 2 Machi, tulipofika mwaka 1988 kwenye daftari, nilitaka kuuruka, akakataa, akasema maabarani namba mbaya haifutwi, inapigwa mstari mmoja, ili anayekuja nyuma aweze kuisoma. Shemeji naye amepiga mstari mmoja, kwa rula, kama baba yake alivyomfundisha, kila neno linasomeka, kisha akampokea mtoto mgongoni mwangu ili nisimame vizuri. Ndiye huyo amembeba pale.

Tunamshukuru daktari wa wodi ya wanaume, ambaye kila alipotupa habari mbaya alivuta kiti akakaa nasi, muuguzi wetu, walimu na wafanyakazi wenzake, na jirani mshonaji, aliyefua shuka zetu miezi mitatu akidai eti cherehani yake haina kazi, wakati tunaisikia ikilia mchana kutwa.

Baba, pumzika sasa kwa amani. Jana Jumatatu, saa nne asubuhi, kidato cha pili wa shule yako walifanya jaribio la msuguano kwenye mbao zilezile.