Shule Iliyomo Ndani ya Kuku

Kijiwe chetu kiko Bishoftu, nje ya kibanda cha kahawa cha Ayantu, na asubuhi hiyo hakuna aliyekuwa na hamu ya utani. Lemessa alikuwa ametoka kuzika vifaranga wake. Mmoja alimleta ndani ya mfuko, akamkabidhi Nusu-Daktari, jamaa aliyeacha chuo cha mifugo mwaka wa pili, tunayemwamini kwa kukosa mwingine. Huyu alimpasua kwa wembe, akatuonyesha kifuko kidogo karibu na tundu la haja. Kilikuwa kimevimba na kuvilia damu. Ni gumboro, akasema, ugonjwa unaoharibu kifuko hicho.

— Lakini niliwachanja dhidi ya ugonjwa wa kideri, Lemessa alisema. Wote.

— Chanjo ni mwalimu, ndugu yangu, Nusu-Daktari alisema. Shule yenyewe ni kifuko hiki. Askari wa damu wa aina moja wanasomea humu, na kila mmoja anahitimu akimjua adui mmoja tu, hata kabla hajamwona. Shule imeungua. Mwalimu atamfundisha nani?

Mjeshi, aliyepigana mpakani na hakubali tusahau, alikataa katakata. Kuku ana vipande kumi na viwili, mkewe humkata hivyo kila Pasaka, na hajawahi kupakuliwa shule.

— Askari wa aina nyingine wanasomea shingoni, Nusu-Daktari aliendelea. Wengi hawatoki. Anayetaka kuwapiga wenyeji, yaani mwili wa kuku mwenyewe, anamalizwa hukohuko.

— Hilo sasa ni jeshi, Mjeshi alisema. Na adui wanamjuaje?

— Wa kifukoni wanamdaka mzimamzima. Wa shingoni mpaka mwenzao awaonyeshe kipande cha adui huyo.

— Si nilisema? Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Wanaonyeshwa kamba.

Hapo Mjeshi akapaa. Akadai ndiyo maana mbuni haugui mafua, shingo ile ni chuo kikuu kizima, na kuku wa kisasa wanakufa kwa sababu wazungu wamewafupisha shingo. Siku nyingine tungecheka mpaka kahawa imwagike. Lemessa alikuwa anautazama mfuko tu, na mimi nilimwonea huruma.

— Waliobaki wanakula vizuri, Lemessa alisema.

— Watakula. Halafu kila ugonjwa unaopita utawaua. Na kinyesi chao kinaambukiza wenzao.

Ayantu alikuwa anamimina kahawa ya mwisho, nyepesi kama maji, alipofika Mama Dirribe, mjane wa nyuma ya kanisa anayeishi kwa kuuza mayai. Hakutusalimu sisi kwanza. Aliinama akaubusu mkono wa Lemessa.

— Mwanangu, Mungu akuzidishie. Wale vifaranga ulionigawia Jumapili wameshazoeana na wangu, wanalala pamoja. Niwachanje lini?

Lemessa aliusukuma mfuko nyuma ya miguu yake. Tukamgeukia Nusu-Daktari, naye alikuwa anaufuta wembe ambao ulikwisha kuwa safi.