Hatua Nne Kutoka Jikoni: Maisha ya Mzee Justus Ruwa Tsuma (1953–2025)

Mzee Justus Ruwa Tsuma alizaliwa tarehe 14 Agosti 1953 hapa Rabai, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa marehemu Mzee Tsuma Mwaringa na marehemu Mama Mbeyu. Alibatizwa akiwa na miezi mitatu. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba alilia tangu wimbo wa kwanza hadi baraka za mwisho, kisha akanyamaza walipotoka nje na kuanza kutazama majani.

Alisoma shule ya msingi hapa nyumbani, akamaliza darasa la saba mwaka 1969. Nafasi ya sekondari aliikosa kwa alama tatu, na hadi uzeeni alizitaja alama hizo kana kwamba matokeo yalitoka juzi.

Mwaka 1972 aliajiriwa katika bustani ya hoteli moja ya ufuoni Nyali. Alianza kwa kumwagilia maji, akaishia kuwa msimamizi wa kitalu cha miche. Huko ndiko alikokutana na kifabakazi, ule mti wa maua mekundu yanayowaka juu ya majani kama makaa yaliyopulizwa. Aliupenda, akajifunza mambo yake yote. Alikusanya maganda yake kabla hayajapasuka, kwa maana mbegu zake ni nyepesi kama karatasi na upepo ukizichukua hazirudi. Alizipanda juu juu kwenye mchanga uliochekechwa, akazifunika kwa samadi laini kidogo tu, akangoja wiki mbili au tatu. Miche ikifika kimo cha shubiri aliihamishia kwenye mifuko. Alijua kwamba mti huo hauchagui udongo sana, kwamba hukimbilia juu haraka, na kwamba matumba ya maua yake yamejaa maji, ukiyabinya yanayarusha kama bomba. Siku ya harusi yake alikuwa na tumba moja mfukoni. Alimrushia shemeji yake maji usoni mbele ya mchungaji, na picha ya tukio hilo ipo hadi leo.

Alijua pia ubaya wake. Mbao zake ni laini, hazifai kujengea, na kuni zake hutoa moshi kuliko moto. Matawi yake ni mepesi kuvunjika mvua ikija na upepo. Kwa hiyo, alipoachishwa kazi hotelini mwaka 1994 na kufungua kitalu chake kando ya barabara ya Mtongwe, Likoni, kila aliyenunua kifabakazi alipewa sharti. "Hatua ishirini kutoka kwenye nyumba," alisema, "wala usinipunguzie." Wengine aliwafuata hadi kwao, akazihesabu hatua mwenyewe kwa miguu yake mirefu. Mama Wanjiru wa Kisauni alimwambia, "Mzee, ukihesabu kwa hiyo miguu yako nitapanda mti kwa jirani!" Akamjibu, "Basi nunua mpera, mama. Huo hauna masharti."

Alifunga ndoa na Sidi binti Mwero tarehe 9 Desemba 1978. Mungu aliwajalia watoto watatu: Ronny, Roseline na Purity. Mwaka 1986 walihamia Mtongwe, na mwaka uliofuata wakapata majirani, Bwana Amir na mkewe Bi Zubeida, aliyeitwa Mama Mussab kwa jina la mwanawe. Jiko la Bi Zubeida lilikuwa nje, upande wa kwa Mzee Justus, na kila asubuhi mtaa mzima uliamshwa na harufu ya mahamri yake. Watoto wa nyumba hizi mbili walikula popote njaa ilipowakuta.

Sasa ni lazima lisemwe jambo ambalo marehemu mwenyewe aliagiza lisemwe leo, bila kupunguzwa.

Purity alizaliwa mwaka 1990. Kitovu chake kilipokauka na kuanguka, kilizikwa uani kama ilivyo desturi yetu, na juu yake ukapandwa mti ambao ungekuwa wa mtoto maisha yake yote. Mama Mbeyu alikuja na mche wa mnazi. Mwanawe akaukataa.

"Mama, mnazi utaningojesha miaka saba," alisema. "Huu wangu, mtoto akianza shule utakuwa umechanua."

"Mnazi ndio mti wa kitovu," Mama Mbeyu alijibu. "Huo wako utamlisha nini? Maua?"

Alipanda kifabakazi. Uwanja ulikuwa mdogo, na mahali pa kitovu palikuwa hatua nne kutoka jiko la Bi Zubeida. Hatua nne, kwa mtu ambaye hotelini alikwisha fundishwa ishirini. Alijiambia kwamba ataupogoa kila mwaka. Aliupogoa miaka mitano, kisha kitalu kikamshughulisha.

Mti ulikua kama alivyoahidi. Mwaka 2012 Bi Zubeida alimwita penye ua.

"Baba Ronny, mti wako wanitisha. Tawi limeshapanda juu ya jiko langu."

"Mama Mussab, maua unayafurahia, tawi unalikataa?"

"Maua siyali. Na kuni zake haziwaki, nishajaribu. Ukate, tafadhali."

"Mti ule una kitovu cha mwanangu. Nitaukataje?"

Purity, aliyekuwa chuoni wakati huo, alipigiwa simu na mama yake. Alimwambia babake waziwazi: "Baba, kata. Mimi siishi ndani ya mti." Hakukata. Bi Zubeida alirudia ombi lake mara mbili zaidi katika miaka iliyofuata, na mara zote alijibiwa kwa mzaha. Mzaha wake ulikuwa mtamu, na ndio uliomponza, kwa sababu mtu akishacheka ni vigumu kuendelea kudai haki yake.

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 24 Aprili 2018, masika yalikuwa yamekolea. Bi Zubeida alikuwa jikoni, mafuta yakichemka karaini. Tawi lilivunjika, likaangukia paa la mabati, na paa likaangukia karai. Mafuta yalimuunguza mkono wa kulia kuanzia kiwikoni hadi vidoleni. Mzee Justus ndiye aliyemtoa mle ndani na kumfikisha hospitali. Mkono ulipona, lakini vidole vilijikunja na havikukunjuka tena. Hajakanda unga tangu siku hiyo.

Wiki hiyo hiyo Mzee Justus aliukata mti kwa mikono yake. Alivunja vitalu vyote vya kifabakazi. Alizunguka Likoni, Kisauni na Changamwe kwa wateja wake wa zamani, akapima hatua upya, na waliokubali aliwakatia bure. Kisiki cha uani kilikuwa kikichipua kila mvua, naye kila mvua aliinama akayang'oa machipukizi mpaka mgongo ukamkataa. Yote hayo aliyafanya. Ila neno "nisamehe" hakulisema. Watu walipomuuliza, alisema ulikuwa upepo. Upepo haukupanda ule mti, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Bi Zubeida hakumshtaki kwa chifu wala kumnunia. Kila Idi sahani ya biriani ilivuka ua kama zamani, sasa ikiwa imepikwa na mkaza mwanawe, Lamis. Mama Sidi anasema mumewe aliila sahani hiyo kichwa kikiwa chini. Kila mara alisema kwamba kesho atavuka ua akazungumze. Kesho hizo zilifika miaka saba.

Mwezi wa Novemba 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya tezi dume, iliyokuwa imekwisha ingia mifupani. Alitibiwa kwa subira, akarudishwa nyumbani mwezi wa Mei. Bi Zubeida alikuja kumjulia hali mara tatu. Mara ya tatu alikaa muda mrefu, kisha akamwambia, "Una neno, Baba Ronny. Lisemee hapa."

"La, Mama Mussab. Ni kifua tu kinanisumbua."

Alipoondoka, Mzee Justus aligeukia ukutani akalia. Kisha akamwita Roseline na kalamu. "Andika. Siku ya kunizika msiseme nilikuwa mtu wa miti tu. Semeni nilijua hatua ishirini nikapanda kwa nne, nikaambiwa nikacheka. Semeni namwomba Mama Mussab radhi. Mimi nimeshindwa." Aliaga dunia Jumatano, tarehe 2 Julai 2025, saa tano asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja.

Maneno haya hayakuchapishwa kabla ya Bi Zubeida kusomewa na kuombwa ruhusa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Yachapisheni. Mimi wallahi nalimsamehe tangu nikiwa hospitali, mkono ungali kwenye bendeji. Siku ile kwake nalikwenda kumwambia. Nikaona nisimtangulie, nimpe nafasi aanze yeye."

Mzee Justus hakulisikia neno hilo. Aliye na neno kama hilo kwa jirani yake, na walioketi hapa ni wengi, asingoje kuandikiwa.

Marehemu ameacha mjane, Mama Sidi, watoto wake Ronny, Roseline na Purity, wajukuu sita, ndugu zake watatu, na, kwa agizo lake mwenyewe kwamba jina hili liwekwe pamoja na ya jamaa, Bi Zubeida, jirani yake wa miaka thelathini na minane.

Mungu wa rehema amsikilizishe huko aliko msamaha aliochelewa kuupokea hapa, na roho yake ipate pumziko.