Mama Chungwa na Pipa Lisilofunguliwa

Baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi katika maabara yetu, Mama Chungwa anastaafu rasmi tarehe 30 mwezi huu. Amechoka. Tunaandika hivyo hivyo, maana mwenyewe ameomba wasifu wake usipakwe rangi. Miguu inamuuma, na mtambo wa kuchapisha hauna kiti.

Alikuja kwetu akiwa mchapishaji wa lebo za dawa. Maabara ilipoanzisha kazi ya seli za jua nyembamba, zile zinazochapishwa juu ya plastiki kwa wino unaogeuza mwanga kuwa umeme, akahamishiwa chumba cha mtambo pamoja na mwenzake tuliyemwita Kaka Spana. Wino wa wakati huo uliyeyushwa kwa kemikali kali. Ulitoa asilimia kumi na moja: katika sehemu mia za mwanga, kumi na moja zilikuwa umeme. Watafiti wa ghorofa ya juu wakapiga makofi. Huku chini, Kaka Spana alikuwa akitapika kila alasiri. Hatimaye daktari akamkataza kukanyaga chumba kile, naye akapelekwa kulinda geti. Fundi mzima wa mtambo, anafungulia magari!

Mama Chungwa alimfuata pale getini akamwambia, "Kaka, nitakurudisha. Nipe muda tu." Hakusema muda gani, na heri hakusema, kwa sababu ilikuwa miaka tisa.

Yeye na wakemia wetu walijaribu viyeyushi visivyo na sumu, kimoja baada ya kingine. Kilichokubali ni kile kinachotolewa kwenye maganda ya machungwa. Juma la kwanza chumba kilinukia hadi koridoni, na kabla juma halijaisha akapokea barua ya onyo kwa kosa la kula matunda kazini. Aliibandika mlangoni. Jina likamganda tangu hapo.

Kunukia kulikuwa rahisi. Wino wenyewe ulikauka polepole, ukatuama kama madimbwi, na seli za kwanza zikatoa asilimia mbili. Mbili! Siku moja, kwa hasira, aliongeza joto la rola. Plastiki ikajikunja kama karatasi ya pipi, na mita mia mbili zikaenda jalalani. Kosa lilikuwa lake na hakumsukumia mtu. Baada ya hapo alipunguza mwendo hadi tukadhani mtambo umelala, akawa anaipasha plastiki taratibu kutokea chini. Nne. Sita. Nane na nusu. Mwaka jana, kumi, na kemikali ya zamani ikaondolewa chumbani.

Wenzetu wa ghorofa ya juu hutengeneza seli ya ukubwa wa ukucha, ndani ya sanduku lisiloingiza hewa, kisha hutangaza ile moja iliyotoka vizuri kuliko zote. Yeye alipima plastiki nzima iliyochapishwa, akaandika wastani. Ndiyo maana tuzo ya mfanyakazi bora ilimpita mbali mwaka hadi mwaka. Mmoja wao aliwahi kumtania, "Mama, hiyo ni seli au mkeka?" Akajibu bila kugeuka, "Mkeka, baba. Watu huulalia. Ukucha wako ataulalia nani?" Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, huyu wetu hakusifiwa, na tembo lake halikuwahi kuonja maji.

Kaka Spana alirudi Februari. Alisimama mlangoni, akanusa kwa woga, kisha akauliza, "Nani anakula machungwa humu?" Mama Chungwa alicheka mpaka akakaa sakafuni. Tangu siku hiyo Kaka Spana hajatapika, wala kichwa hakijamuuma.

Sasa hili la mwisho, na wakubwa walisome wakiwa wamekaa. Wiki iliyopita ofisi ya ununuzi ilileta pipa la ile kemikali ya zamani, kwa hoja kwamba inatuzidishia asilimia moja, na kwamba Mama akiondoka hakutakuwa na wa kusimamia mwendo wa kinyonga. Hesabu yangu ni fupi. Asilimia moja inaingia, fundi mmoja anarudi getini, na fundi huyo ndiye anayeujua mtambo kuliko sisi wote tunaobaki. Sisi tulioingia kazini kwa kupangusa rola hatuhitaji kikokotoo kwa hilo. Asiyekuwepo na lake halipo, lakini sisi bado tupo. Mwendo ule Kaka Spana ameshafundishwa, nami nimefundishwa. Pipa liko nje chini ya kibanda, lakiri yake haijaguswa. Jumatatu gari linakuja kulirudisha lilikotoka. Nimesaini mimi, ninayeachiwa chumba cha mtambo.

Asante, dada. Ulituahidi chumba kisichomuumiza mtu, ukatupa. Nenda nyumbani upumzike hadi uchoke kupumzika. Tunakutakia maisha marefu, mepesi, yenye viti vingi. Barua yako ya onyo tunaiacha mlangoni.