Mafuta Mekundu Kwenye Lori Langu

Nawasalimu wapendwa, kwa upendo wa Mungu aliyenifikisha leo nikiwa na akili zangu na familia yangu.

Wengi wenu mnanijua kwa lile lori jeupe. Baadhi yenu nimewahamisha, pamoja na yale makochi yasiyopita mlangoni. Msicheke, mnajijua. Leo nataka niwaeleze jinsi mafuta ya bei rahisi yalivyonifanya nimwone mtu wa nyumbani kwangu kama mwizi. Majina sitataja.

Majira ya baridi yaliyopita huku ughaibuni kazi zilikuwa chache na dizeli imepanda bei. Lori langu ni la zamani, linakunywa sana. Ndipo nikakutana na bwana mmoja anayeng'oa matangi ya mafuta ya kupasha nyumba joto. Mnazijua zile nyumba kuukuu za Takoma Park. Mwenye nyumba akibadilisha mtambo aweke wa gesi, mafuta yaliyobaki kwenye tangi hayana kazi tena. Yule bwana huyafyonza akayauza.

"Ni dizeli ile ile," akaniambia, kwa Kiswahili kitamu kuliko changu.

"Mbona ni mekundu?"

"Serikali imeyatia rangi kwa sababu hayalipiwi kodi ya barabara. Injini haina macho, ndugu yangu."

Ndugu zangu, nawaambia, moyo ulisita. Yule bwana hakutaka tukutane kwake wala kwangu. Tulikutana nyuma ya ghala moja Riverdale Park, na kila gari lililopita lilimfanya ageuze shingo. Meseji hakujibu hata moja, alipiga simu tu. Niliyaona hayo yote kwa macho yangu mawili, na bado nikajaza tangi.

Mwanzoni lori lilikwenda vizuri. Baadaye likaanza kuishiwa nguvu kwenye mlima, likatoa moshi, likazimika kwenye taa. Sasa sikilizeni jinsi akili ya mtu inavyojidanganya. Nilimshuku kila mtu isipokuwa yale mafuta.

Nilianza na fundi. Nikaamini amechomoa kifaa kizima akaniwekea kibovu. Nikasimama gereji namchungulia mikono, mpaka akachoka. "Mzee, niachie gari nilifungue, ama uondoke nalo." Nikaondoka nalo.

Halafu ikaja zamu ya shemeji yangu. Ni mdogo wake mke wangu, tunaishi naye, na ndiye mwenzangu kazini. Asubuhi moja nilichungulia dirishani nikamwona amechuchumaa kando ya tangi, ameshika mrija mdogo wa mpira, anachota mafuta kwenye chupa ya kioo. Pazia lilipotikisika akaificha chupa ndani ya koti.

Nikasema moyoni, kumbe ni wewe.

Sikumuuliza. Nilinunua kufuli nikafunga tangi, ufunguo nikauvaa shingoni. Akitundika koti mlangoni, nilikuwa nalinusa. Akiniambia mezani, "Shemeji, nina neno kuhusu lori," namjibu, "Lori langu linakuhusu nini?" Mke wangu, ambaye hushinda akiwahudumia wazee wa watu, akirudi anakuta tumenuna.

"Baba watoto, mdogo wangu amekukosea nini?"

"Muulize mwenyewe."

Kijana wa watu akaacha kula na sisi. Akaanza kutafuta chumba kwingine.

Siku yenyewe tulikuwa tunahamisha familia kwenda Woodbridge. Mvua ilinyesha mchana kutwa. Mama mwenye mtoto mchanga alitufuata na gari lake, na vitanda vyao vyote viko kwenye lori letu. Kwenye barabara kuu ya 95 lori likakohoa, likazima. Nikasogea pembeni, nikafungua filta ya mafuta, na mafuta mekundu yakamwagika chini. Askari aliyesimama kutusaidia akayaona. Akaniagiza nifungue tangi. Nikavua ufunguo shingoni. Akatumbukiza mrija wa kuonea, ukatoka mwekundu.

"Nani alijaza mafuta haya?"

Jamani, nisiwafiche. Macho yangu yalikwenda kwa shemeji. Mdomo ulikuwa tayari kusema, kuna mtu anachezea tangi langu.

Shemeji akaniwahi kwa Kiswahili, taratibu kabisa. "Shemeji, subiri kwanza nikuonyeshe kitu." Akatoa ile chupa kwenye mkoba wake. Juu mafuta mekundu, chini yake maji machafu, na chini kabisa tope jeusi kama masizi.

"Nilichota nione lori linakunywa nini. Nilitaka ujionee mwenyewe, lakini kila nikifungua mdomo unanifokea."

"Mbona ulificha?"

"Nilijua utasema naiba."

Nikamgeukia askari nikamwambia, "Nilijaza mimi." Faini nikaandikiwa, lori likavutwa.

Aliyepiga simu kwenu alikuwa shemeji. Mlikuja kwenye mvua na magari yenu, na kabla giza halijaingia yule mtoto alikuwa amelazwa kitandani kwake. Asanteni. Namshukuru na fundi niliyemvunjia heshima. Alinipokea tena, akamwaga yale mafuta, akasafisha tangi, akabadilisha nozeli zote zinazorusha mafuta kwenye injini. Kwa miezi kadhaa nilibeba mizigo kwenye lori la mtu mwingine. Yule muuzaji simu yake haipatikani tena, na mimi simtafuti.

Nilimwomba shemeji msamaha mbele ya dada yake. Akasema, "Nimekusamehe, shemeji. Ila usirudie kuninusa." Mke wangu akacheka mpaka akalia, na mimi nikalia bila kucheka.

Ndugu zangu, dhana mbaya ikikuingia juu ya mtu, muulize. Muulize siku hiyo hiyo, uso kwa uso, halafu nyamaza umsikie. Na kile ambacho moyo ulikukataza tangu mwanzo, anza kukikagua hicho kabla hujamkagua binadamu.

Shemeji mwenyewe amekataa kusimama hapa mbele. Yuko nje sasa hivi anawasha lori, maana tukitoka hapa tuna kazi. Mnasikia? Ndiye huyo. Naomba mniruhusu niende, sitaki aningoje.