Mtoto Aliyezaliwa Baada ya Picha

Mgeni rasmi, shikamoo, na karibu sana mlangoni kwetu. Tungekukaribisha ndani, ila ndani hakupo tena.

TULIKOTOKA
Hapa palikuwa ukumbi wa dansi, na mtaa wote wa starehe ulianzia hapa. Yaani kuna watu walioana kwa sababu tu taa zilikatika katikati ya wimbo! Akaja mwekezaji, anataka ghorofa lenye sinema na bwawa la kuogelea juu. Watu wa mambo ya kale wakaja juu: jenga, ila ukuta wa mbele usiguswe. Wakaupiga picha, wakatangaza kila kinachoonekana pichani kinalindwa na sheria.

Sasa sisi tukiona kamera huwa tunajipanga wenyewe, hatusubiri kuitwa. Tukatokea wote pichani: mzee wa tarumbeta, dada wa tiketi, bawabu, hata kinyozi wa jirani aliyekuja kuazima kiti tu. Mimi msomaji wa risala hii nilikuwa na simu mkononi, ndiyo maana nasoma humu. Karatasi siruhusiwi kushika.

MAFANIKIO
Tunalindwa. Kila Ijumaa tunasuguliwa kwa brashi laini, sisi na nguzo.

CHANGAMOTO
Mzee wa tarumbeta picha ilimkuta anapiga mwayo. Juzi mkaguzi wa mambo ya kale kamfuma kafunga mdomo.

"Mzee, unaharibu historia!"

"Mwanangu, nzi wanaingia."

"Nzi hawamo pichani. Wafukuze, ila mdomo uache wazi."

Mke wa kinyozi naye akija kumwona mumewe analipishwa kiingilio.

Hayo tumeyazoea. Kinachotuuma ni mtoto. Siku ya picha dada wa tiketi alikuwa na mimba changa, haionekani. Sasa kajifungua, na mkaguzi anasema mtoto ni nyongeza isiyo na kibali. Jana wamechora X nyekundu kwenye beseni lake la kuogea. Kesho anaondolewa.

"Mnampeleka wapi mwanangu?" dada akauliza.

"Popote pasipo na historia."

MAOMBI
Tunaomba mtoto abaki na mama yake. Tunaomba pia ghorofa hilo litupe ukumbi mmoja nyuma ya mlango, tupige muziki, tuuze tiketi, tuwe wafanyakazi tena. Tumekuwa mapambo vya kutosha.

Dada amesema mtoto akiondolewa, naye anaondoka. Akiondoka yeye, tunaondoka wote, sheria itatukuta njiani. Na fundi mkuu ametueleza kwamba tangu ndani kubomolewe, ukuta huu hauna kitu nyuma. Umesimama kwa migongo yetu.

Mgeni rasmi, Mungu akupe maisha marefu, wewe na wote wa nyumbani kwako. Na kwa leo tu, tunakuomba usogeze kiti mbele kidogo, mbali na ukuta.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Ukumbi wa Dansi, Tawi la Ukutani.