Agripina Komba, Aliyeipiga Picha Pwani Kutoka Juu

Wapendwa mliofika hapa Mazinde leo, familia inaomba utulivu wenu tuwasimulie maisha ya mpendwa wetu Agripina Fabiani Komba, na mtuwie radhi tukichangamka, kwa sababu maisha yake hayasomeki kwa kununa.

Agripina alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 hapa hapa Mazinde, kwenye kambi ya mkonge, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee Fabiani, mkata mkonge ambaye baba yake alitoka Songea, na mama Stefania, ambaye yuko nasi hapa mbele. Alisoma shule ya msingi hapa kuanzia mwaka 1979 hadi 1985, akaendelea na sekondari Korogwe hadi 1989, mwaka 1992 akahitimu mafunzo ya uchoraji ramani mkoani Morogoro, na tarehe 1 Februari 1993 akaajiriwa Handeni kuchora ramani za viwanja na mashamba. Tarehe 24 Oktoba 1998 alifunga ndoa na ndugu Jacob Mntambo, fundi redio wa Old Korogwe, na Mungu akawajalia watoto wawili, Salome mwaka 2000 na Richard mwaka 2004.

Kazini alitumia picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege, na kila picha ya pwani ilipofika mezani alitakiwa kukata sehemu ya bahari na kuitupa, maana baharini hakuna viwanja, lakini yeye hakuwa na moyo wa kuitupa, akawa anarudi nyumbani na vipande hivyo kwenye pochi, anavibandika ukutani, anaita majirani waone mchanga ulivyojikunja na maji yanavyobadilika rangi, mpaka mumewe akasema watalala baharini kabla hawajanunua hata mtumbwi. Mwaka 2018 alinunua droni, ile ndege ndogo ya kamera inayoongozwa kwa rimoti, akachukua kibali, na tangu hapo kila likizo ikawa safari ya Pangani.

Mtu aliyemshinda ni mama yake. Kila alipoonyeshwa picha, mama Stefania, aliyeishi maisha yake yote katikati ya mkonge wa watu, aliuliza hili ni shamba la nani, Agripina akajibu si shamba, mama, ni picha ya kutazama tu, na mama akairudisha akisema haya basi. Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyoonyesha, kwa kuwa alitamani siku moja, hata moja tu, mama atazame bila kuuliza mwenyewe ni nani.

Wala mama hakuwa peke yake. Tarehe 10 Agosti 2019 Agripina alirusha droni juu ya ufuko mtupu, karibu na pale mto Pangani unapoingia baharini, na aliporudi tarehe 31 alikuta ufuko wote umepandwa miche ya minazi na mipapai, mistari kwa mistari, kwani wanakijiji, mzee Salimu Awadhi akiwa mbele, walipoiona droni walidhani wamekuja wapimaji wa fidia ya ardhi, na kwenye fidia kila mti huhesabiwa. Siku hiyo ilikuwa ya bamvua, bahari ikajaa kuliko kawaida, kila mche ukazungukwa na kiduara chake cha povu, mamia kwa mamia, na Agripina, badala ya kukasirika, alirukaruka mchangani kwa furaha na kanga yake nyekundu huku akipiga picha. Alipomwonyesha mzee Salimu picha hiyo kwenye kioo cha rimoti, mzee alicheka mpaka akakaa chini, na kuanzia hapo Agripina hakurusha tena droni mahali popote kabla ya kuketi na wenyeji na kuwaonyesha anachokwenda kupiga.

Mwezi Februari 2025 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akawaomba madaktari jambo moja, wamfikishe Jumamosi tarehe 14 Juni, siku ya maonyesho yake ya kwanza ya picha, ambayo alikataa kuyafanyia Dar es Salaam, akataka yawe Old Korogwe. Alifika, kwa kiti cha magurudumu, amevaa kitenge kipya. Mama Stefania alisimama mbele ya picha ya ile miche, ukumbi mzima ukamsubiri aulize, naye akatazama, akatazama, kisha akasema, "Mwanangu, kumbe ni pazuri hivi," na hakuuliza kitu kingine. Agripina alilia kwa furaha, na sisi tukalia naye.

Alifariki dunia Jumapili tarehe 29 Juni 2025, saa tano asubuhi, hospitalini Korogwe, mumewe akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Old Korogwe na Mazinde, wafanyakazi wenzake wa Handeni, na mzee Salimu na wenzake waliokodi lori kuja kumzika.

Wengi mmeuliza kwa nini mbele ya jeneza hatukuweka picha ya sura yake, kama ilivyo desturi, bali hii kubwa ya ufuko wenye ile miche. Ni uamuzi wa mama. Mkipita kuaga, tazameni kona ya chini kulia, kuna mtu mdogo sana mwenye kanga nyekundu, ameinua uso juu, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemwona mpaka jana mama alipotuonyesha kwa kidole.

Agripina, lala kwa amani.